Anayelipa Ndiye Anayefungiwa

Julai 2008, watu walionunua gemu ya Rainbow Six Vegas 2 kwa kuipakua kutoka duka la mtandaoni la Direct2Drive walijikuta hawawezi tena kuicheza. Sasisho jipya la Ubisoft, kampuni iliyoitoa gemu hiyo, lilidai kuiona diski ndani ya kompyuta kabla gemu haijaanza, nao diski hawakuwa nayo, kwa sababu hawakuuziwa diski. Ubisoft ikawapa faili la kuondoa tatizo hilo. Wadadisi walipolichungulia wakakuta ndani yake alama ya RELOADED, kundi mashuhuri la maharamia wanaovunja makufuli ya gemu. Kampuni iliyokuwa ikilalamika kwamba maharamia wanaiua ilichukua kazi ya maharamia hao hao ili mteja aliyelipa aweze kucheza alichokilipia.

Kufuli la kidijitali ni programu inayofumwa ndani ya gemu ili ihakiki kwamba nakala uliyonayo ni halali. Hukagua diski, au hesabu ya kompyuta ulizosajili, au huuliza seva fulani ya mbali kabla ya kukuruhusu. Uharamia upo na unawaumiza watu wanaofanya kazi kwa miaka kutengeneza gemu moja. Siutetei hata kidogo. Ninachokipinga ni kumtwisha aliyelipa gharama za asiyelipa, kisha kumwambia kwamba hatwishwi chochote. Madai ya kulitetea kufuli hili ni yale yale kwa miaka mingi sasa, na yanastahili kujibiwa moja baada ya jingine.

Dai la kwanza: mteja mwaminifu hata halioni kufuli

Hili ndilo linalotangulizwa mbele siku zote, na ndilo dhaifu kuliko yote.

Machi 2010 Ubisoft ilitoa Assassin's Creed II ya kompyuta kwa sharti kwamba mchezaji awe kwenye intaneti muda wote, japo gemu yenyewe ni hadithi ya Italia ya karne ya 15 ambayo mtu huicheza peke yake. Intaneti ikikatika, gemu inasimama. Siku chache tu baada ya kuingia sokoni, seva za kuhakiki zikashambuliwa mtandaoni na baadhi ya wanunuzi wakashindwa kuifungua. Februari 2012 hakuhitajika hata adui. Ubisoft yenyewe ilikuwa inahamisha seva zake, na muda wote wa uhamisho wenye gemu kama The Settlers 7 wakabaki wakisubiri. Mwaka huo huo kampuni hiyo ilisema imeachana na sharti la intaneti ya muda wote kwa gemu zake za kompyuta. Kama sharti lile lilikuwa halionekani na mteja, haielekei kampuni ingeliacha.

Novemba 2021 ilileta visa viwili kwa mpigo. Gemu kadhaa zilizofungwa kwa Denuvo, kufuli linalotumiwa sana siku hizi, ziligoma kufunguka kwa saa kadhaa. Miongoni mwake ilikuwamo Marvel's Guardians of the Galaxy, ambayo haikuwa imemaliza hata mwezi sokoni. Kwa maelezo yaliyochapishwa wakati huo, anwani ya mtandaoni ambayo kufuli hilo linaitegemea ilikuwa imeachwa hadi muda wake wa kulipiwa ukapita. Mtu alikuwa na gemu kwenye diski ya kompyuta yake, ana stakabadhi, ana intaneti, na bado hawezi kucheza kwa sababu ofisini kwa watu wengine mtu amesahau kulipia jina la tovuti.

Mwezi huo huo Intel ilitoa prosesa za kizazi cha 12 zenye viini vya aina mbili, vikubwa vya kazi nzito na vidogo vya kuokoa umeme. Baadhi ya makufuli yaliviona vile viini vidogo yakadhani ni kompyuta nyingine, yakafunga gemu. Intel ililazimika kuchapisha orodha ya gemu zaidi ya 50 zenye tatizo hilo, na kazi ya kuzirekebisha ilifika hadi mwaka uliofuata. Hapa mteja alikuwa amelipa mara mbili, kwa gemu na kwa prosesa mpya kabisa, na kosa lake pekee ni kununua vifaa ambavyo mtengeneza kufuli hakuvitarajia.

Halafu kuna suala la intaneti yenyewe, na hapa sisi wa Afrika Mashariki tuna la kusema. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadhoofika vibaya Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Benki zilisumbuka, ofisi zilisumbuka, na hakuna anayetarajia gemu ipewe kipaumbele siku kama hiyo. Lakini gemu ya mchezaji mmoja ambayo faili zake zote zimo ndani ya kompyuta haina sababu ya kujua kwamba kuna waya umekatika baharini. Kwa mtu anayenunua bando kwa siku au kwa wiki, sharti la kuwa mtandaoni ni bei ya pili inayoongezwa juu ya ile ya kwanza, tena isiyoandikwa popote dukani. Na bei ya kwanza si ndogo. Gemu kubwa mpya ya dola 70 inapita shilingi 150,000 za Tanzania, na duka la Steam humtoza mnunuzi wa Dar es Salaam au Nairobi kwa dola.

Dai la pili: intaneti ni sehemu ya gemu yenyewe

Zipo gemu ambazo jambo hili ni kweli. Ukicheza mpira na mtu aliye Mombasa nawe uko Mwanza, lazima kuwe na seva au angalau mawasiliano kati yenu. Dai linaharibika pale linapopelekwa kwenye gemu ambazo hazihitaji kitu hicho, na mfano mkubwa kuliko yote ni SimCity.

Gemu hiyo ya kujenga na kuendesha mji ilitoka Marekani Machi 2013, imetengenezwa na Maxis chini ya Electronic Arts. Ilidai intaneti muda wote. Siku ya kwanza seva zilielemewa, na hali iliendelea hivyo kwa siku kadhaa. Watu waliolipa walikaa kwenye foleni za mtandaoni, na waliofanikiwa kuingia wengine walipoteza miji waliyokuwa wameijenga. Ili kuzipunguzia seva mzigo, watengenezaji walizima hata mwendo wa kasi kuliko yote wa gemu, sehemu ambayo mnunuzi alikuwa ameilipia. Amazon ilisitisha kwa muda uuzaji wa nakala za kupakua. Electronic Arts ikawapa wanunuzi gemu nyingine bure kama fidia.

Lucy Bradshaw, aliyekuwa mkuu wa Maxis, alieleza wakati huo kwamba sehemu kubwa ya hesabu za mji zinafanywa kwenye seva za kampuni, na kwamba kuifanya gemu ijitegemee kungehitaji kazi kubwa ya uhandisi. Hayakupita majuma mengi kabla mchezaji mmoja mwenye ujuzi hajabadilisha mistari michache ya programu na kuonyesha kwamba mji unaendelea kuishi vizuri bila seva kwa muda wowote apendao. Machi 2014, mwaka mmoja baadaye, Maxis wenyewe walitoa sasisho la kucheza bila intaneti.

Diablo III ya Blizzard ilipita njia hiyo hiyo. Ilitoka Mei 2012 ikiwa ya mtandaoni tu kwenye kompyuta, na usiku wa kwanza maelfu walikutana na ujumbe wa kosa namba 37, maana yake seva zimejaa, rudi baadaye. Mwaka uliofuata gemu hiyo ilitolewa kwa PlayStation 3 na Xbox 360, na huko ikachezwa bila intaneti pasipo shida yoyote. Hadithi ile ile, ramani zile zile, mapepo yale yale. Kilichokuwa lazima kwenye kompyuta kikawa si lazima kwenye konsoli, na wanaodai kwamba intaneti ni kiungo cha mwili wa gemu hawajanieleza kiungo hicho kilikwenda wapi.

Dai la tatu: kufuli halipunguzi kasi

Hapa nitakwenda kwa uangalifu, kwa sababu wapinzani wa makufuli nao hutia chumvi. Si kweli kwamba kila gemu yenye Denuvo ni nzito kwa sababu ya Denuvo. Gemu nyingi hutoka zikiwa hazijapikika, na ukiondoa kufuli zinabaki nzito vile vile. Tofauti inategemea wapi ndani ya programu kufuli limewekwa. Likikagua mara moja gemu inapoanza, huenda usihisi chochote. Likiwekwa kwenye kazi inayorudiwa mara nyingi kwa sekunde, prosesa inafanya kazi mbili.

Lakini wanaosema kwamba halipunguzi kasi kamwe wanajibiwa na watengenezaji wenyewe. Mwaka 2018 Katsuhiro Harada, aliyeongoza Tekken 7, alieleza hadharani kwamba kukwama kwa picha kwenye mapigo fulani ya mhusika Akuma kulitokana na Denuvo. Katika gemu ya kupigana, ambako ushindi unaamuliwa na sehemu ndogo kabisa ya sekunde, kukwama huko ni kushindwa pambano.

Kisa cha Resident Evil Village kinauma zaidi. Ilitoka Mei 2021, na wanunuzi wa kompyuta wakalalamika kwamba picha inakwama hasa pale adui anapopigwa risasi au anaposhambulia, yaani pale pale unapoihitaji itulie. Julai nakala iliyovunjwa kufuli ikasambaa, na aliyeivunja akadai kwamba kukwama kule kulisababishwa na kufuli la Capcom, kampuni iliyoitoa gemu hiyo, lililokuwa limelazwa juu ya Denuvo. Wachunguzi wa Digital Foundry wakalinganisha nakala hizo mbili na kuona kwamba ile ya wizi inakwenda laini pale ambapo ile ya kulipia inakwama. Ndani ya mwezi huo Capcom ikatoa sasisho lililorekebisha teknolojia yake ya kuzuia uharamia, na kukwama kukapungua sana. Kwa zaidi ya miezi miwili, basi, wateja walikuwa wamelipia nakala iliyo duni. Tena haikuwa lazima kusubiri. Malalamiko yalikuwapo tangu wiki ya kwanza, na kilichoisukuma kampuni ni aibu ya kuonyeshwa na mharamia.

Dai la nne: wanaolalamika ni wezi waliokosa gemu ya bure

Mwizi halalamikii kufuli kwa sababu nakala yake haina kufuli. Wateja wa Direct2Drive walikuwa na stakabadhi. Spore ya Electronic Arts ilipotoka Septemba 2008 ikiwa na kufuli la SecuROM na ruhusa ya kusajiliwa kwenye kompyuta tatu tu, waliojaza ukurasa wake wa Amazon kwa nyota moja moja walikuwa watu waliouliza nini kitatokea wakifika kompyuta ya nne. Kampuni ikapandisha idadi hadi tano. Mwisho wa mwaka ule, kwa hesabu za tovuti ya TorrentFreak, Spore ndiyo iliyoongoza kwa kupakuliwa kiharamia, takriban mara milioni 1.7, na kila nakala kati ya hizo ingeweza kuwekwa kwenye kompyuta yoyote, mara yoyote.

Dai la tano: bila kufuli, studio zitakufa

Hili ndilo dai zito, na halijibiwi kwa kelele.

Lina ushahidi. Mwaka 2024 William Volckmann, mtafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina, alichapisha uchambuzi wa gemu 86 zilizouzwa Steam na kulindwa kwa Denuvo kati ya 2014 na 2022. Hakuwa na vitabu vya mauzo vya kampuni, kwa hiyo alikadiria mapato kwa kutumia vitu vinavyoonekana hadharani, kama wingi wa maoni ya wanunuzi na idadi ya wachezaji. Aligundua kwamba gemu ikivunjwa kufuli ndani ya wiki ya kwanza, mapato yake hupungua kwa takriban asilimia 20. Kwa studio ambayo imekopa fedha ili ifike siku ya mauzo, asilimia 20 ni mishahara ya watu. Anayesema uharamia haugusi mauzo hata kidogo inabidi aukabili uchambuzi huu.

Naukubali. Lakini watetezi wa kufuli hawausomi hadi mwisho. Volckmann aliona pia kwamba hasara inashuka kadiri kufuli linavyochelewa kuvunjwa, na likivunjwa baada ya wiki 12 hasara inakaribia sifuri. Watu waliokuwa tayari kulipa bei kamili wamekwisha kulipa. Kwa ushahidi bora ambao upande wao unao, basi, kufuli lina kazi ya miezi mitatu. Baada ya hapo linabaki na madhara yake yote kwa mteja bila faida kwa muuzaji, na bado kampuni nyingi huliacha humo kwa miaka. Haya ndiyo ninayoyapinga kuliko yote. Ningeweza kumwelewa mchapishaji anayesema anataka kuzilinda wiki zake za kwanza. Simwelewi anayelinda mwaka wa tano.

Wapo waliolielewa hilo mapema. Id Software iliondoa Denuvo kwenye Doom mwezi Desemba 2016, miezi saba baada ya gemu kutoka. Kwa upande wa pili iko Capcom, ambayo Januari 2024 iliongeza kufuli jipya kwenye Resident Evil Revelations, gemu iliyokuwa kwenye kompyuta tangu 2013, ambayo nakala zake za wizi zilikuwa zimezagaa zamani. Wanunuzi wakaona gemu yao ya zamani imeharibika ghafla, na sasisho likaondolewa. Hakuna mauzo yaliyookolewa pale. Sioni hata yangetoka wapi.

Kuna pia wanaouza bila kufuli tangu siku ya kwanza. CD Projekt ya Poland ilifungua duka la GOG mwaka 2008 kwa sharti kwamba kila gemu humo iwe haina kufuli. The Witcher 2, ya 2011, iliuzwa kwenye diski ikiwa na SecuROM, na kampuni ikaliondoa kwa sasisho la kwanza kwa sababu lilikuwa linawasumbua wanunuzi. The Witcher 3 ilitoka Mei 2015 ikiuzwa GOG bila kufuli lolote. Kufikia 2023 nakala zaidi ya milioni 50 zilikuwa zimeuzwa kwenye mashine zote. Baldur's Gate 3 ya Larian nayo iliuzwa GOG bila kufuli Agosti 2023, ikashinda tuzo ya gemu ya mwaka. Najua jibu litakalokuja: hizo ni gemu bora, zingeuzika vyovyote vile. Ni kweli. Lakini dai lilikuwa kwamba bila kufuli studio hufa, na studio hizi mbili ziko hai.

Gabe Newell wa Valve, kampuni yenye duka la Steam, alieleza mwaka 2011 kwamba uharamia mara nyingi ni tatizo la huduma kuliko la bei, akatoa mfano wa Urusi, soko ambalo Valve iliambiwa isipoteze muda nalo kwa kuwa kila mtu huko ni mharamia. Likageuka kuwa moja ya masoko yake makubwa Ulaya, kwa sababu ya kuwauzia watu gemu zilizotafsiriwa kwa wakati na zinazofanya kazi. Duka linalompekua kila aliyelipa huku mwizi akitokea dirishani halijapata usalama zaidi. Limewafundisha wateja kutazama dirisha.

Dai la sita: hukununua gemu, ulinunua leseni

Kisheria hili mara nyingi ni kweli, na ndiyo maana nimeliacha mwisho. Kitufe cha dukani kiliandikwa kwamba unanunua, na maelezo ya leseni yakawekwa ndani ya kurasa ambazo hazisomwi. California ilipitisha sheria Septemba 2024 inayoyalazimisha maduka ya kidijitali kusema wazi kwamba kinachouzwa ni leseni, ikaanza kutumika mwaka 2025. Ni hatua nzuri, lakini kumwambia mtu waziwazi kwamba kitu chake kitachukuliwa hakumpi kitu hicho.

Kufuli likiwa ndani ya gemu, uhai wa gemu unakuwa mikononi mwa wengine. Windows 10 ilipotoka 2015, Microsoft ilikataa kuendesha makufuli ya SafeDisc na baadhi ya matoleo ya SecuROM, kwa sababu programu hizo zilijichimbia ndani mno ya mfumo na zilikuwa hatari kwa usalama wa kompyuta. Microsoft ilikuwa na haki. Walioumia ni watu wenye diski halali za mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambao gemu zao hazifunguki tena mpaka watafute faili lililovunjwa, au wazinunue upya.

The Crew ya Ubisoft ilikwenda mbali zaidi. Gemu hiyo ya mbio za magari kutoka pwani hadi pwani ya Marekani ilitoka 2014 ikihitaji seva hata kwa anayeendesha peke yake. Tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa, kisha wanunuzi wakaona leseni zao zimefutwa kwenye akaunti zao. Kilio hicho kilizaa kampeni ya Stop Killing Games iliyoanzishwa na Ross Scott. Haidai seva ziendeshwe milele. Inadai gemu iliyouzwa iachwe katika hali ya kuchezeka pale mtengenezaji anapoondoka. Julai 2025 ombi lake rasmi kwa Umoja wa Ulaya lilivuka saini milioni moja.

Ubisoft, kwa upande wake, ilitangaza Septemba 2024 kwamba The Crew 2 na The Crew Motorfest zitapewa njia ya kuchezwa bila intaneti. Hakuna sheria mpya iliyoilazimisha; ilikuwa ni wateja waliokataa kunyamaza. Waliolipia ile ya kwanza bado hawana kitu, na wao ndio waliotangulia kulipa.